Mzee Fungua na Mvumo wa Saa ya Habari

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo jioni hii, ninaomba mnisikilize kwa utulivu. Anayeosha vyombo afunge bomba kidogo. Wanaobishana waahirishe ubishi wao. Leo tunamkumbuka mtu aliyeipenda redio kuliko sisi tunaolipwa kuzungumza ndani yake.

Hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa mkaguzi wa mizigo. Alifanya kazi katika ukumbi wa forodha kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akastaafu kwa heshima, na wiki hii amezikwa. Wasafiri wa zamani mtamkumbuka kwa jina la utani. Mlimwita Mzee Fungua.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Alisimama nyuma ya meza ndefu ya bati, shati limepigwa pasi, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Msafiri akifika na begi lake, yeye hakuuliza habari za safari. Alisema neno moja tu: "Fungua."

Mdogo wake wa kiume, ambaye naye ni mzee sasa, alinisimulia kisa kimoja. Siku moja aliingia msafiri mwenye mguu uliofungwa plasta, akichechemea kwa uchungu mkubwa. Watu wote walimpisha. Mzee Fungua hakumpisha. Alimwambia arudi mlangoni, kisha aje tena. Yule bwana akarudi, akaja tena. "Kaka akaniambia," alisema mdogo wake, "mtu aliingia akichechemea mguu wa kulia, akafika mezani anachechemea wa kushoto. Ndani ya plasta mlikuwa na saa za mkononi za kutosha kufungua duka."

Huyo ndiye mtu tunayemkumbuka leo. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushuku. Na kazi hiyo hakuiacha ofisini. Mjane wake ananiambia: "Hata mimi nikitoka sokoni, lazima aangalie kikapu. Nikimuuliza, baba, unanishuku mimi? Anasema, hapana mama, nakagua tu."

Sasa, wasikilizaji, sikilizeni vizuri sehemu hii, kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana nayo. Mzee Fungua alikuwa na mtoto mmoja. Binti. Alimsomesha kwa ukali na kwa upendo, mambo ambayo kwetu sisi tuliosoma zamani hayakuwa na ugomvi. Binti alipomaliza masomo, baba alimwombea nafasi ya kazi katika ukumbi uleule wa ukaguzi. Aliwaambia wenzake wote kwamba mwanawe anakuja.

Siku iliyopangwa, binti alikuja kweli. Akasimama mbele ya ile meza ya bati. Akasema mbele ya wafanyakazi wote wenzake na baba yake: "Baba, naomba unisamehe. Sitaki kufungua mabegi ya watu. Nataka kusoma habari redioni."

Baba akajibu: "Basi usinipigie simu mpaka utakapopata kazi ya maana."

Binti aliondoka. Baada ya muda akapata kazi katika kituo kimoja cha nchi ya mbali sana, ng'ambo, kinachotangaza kwa Kiswahili katika masafa mafupi. Alisoma habari kila jioni kwa nusu saa. Alimpigia simu mama yake mara kwa mara. Simu ilipolia na sauti ya binti ikatoka, baba alisimama, akaenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Ulikuwa umefungwa siku zote.

Nirudie kwa aliyefungua redio sasa hivi. Tunamkumbuka mkaguzi wa mizigo, Mzee Fungua. Hakuzungumza na binti yake. Binti alikuwa akisoma habari katika kituo cha mbali.

Alipostaafu, siku za mwanzo kabisa, alikwenda dukani akanunua redio ndogo ya kubebeka, yenye masafa mafupi. Muuzaji alimsifia rangi yake. Mzee akamwambia, "Fungua." Akakagua mahali pa betri, akakagua kijiti cha antena kama kinavutika mpaka mwisho, akakagua kama kitufe cha kutafutia stesheni hakitetereki. Nyumbani alimwambia mkewe: "Nataka kujua dunia inakwendaje."

"Nilimwelewa," mjane ananiambia, na hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani kwake. "Dunia gani hiyo inaanza jioni, inakwisha baada ya nusu saa?"

Wasikilizaji wapendwa, nyinyi mnaonisikiliza hapa karibu hamhitaji kuhangaika. Lakini redio ya masafa mafupi ina tabia zake. Mawimbi yake hupaa juu sana, yakarudishwa chini na anga, yakapaa tena, hata yakavuka bahari. Yanafika yamechoka. Ndiyo maana sauti hupanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini. Ukuta wa zege huyazuia. Nondo za dirisha huyasumbua. Na vitu vingi vya umeme vilivyomo majumbani mwetu huyapigia kelele.

Mzee Fungua aliyajifunza hayo moja baada ya jingine, kwa subira ya mtu aliyezoea kupekua. Aliihamisha redio kutoka kabatini, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha. Aliacha kuichomeka ukutani, akatumia betri, kwa sababu umeme wa ukutani ulileta mngurumo. Akaizungusha taratibu, upande huu, upande ule, mpaka sauti ikasimama. Kisha akachukua waya mwembamba, ncha moja akaibana kwenye antena kwa kibanio cha nguo, ncha nyingine akaitoa dirishani na kuifunga kwenye nguzo ya tangi la maji uani.

Jioni ya kwanza waya ulipofungwa, sauti ya binti yake ilijaa chumbani.

Mkewe alikuwa mlangoni na beseni la nguo. "Alisimama," anasema. "Akafunga kifungo cha juu cha shati, kama mtu aliyefikiwa na mgeni ghafla. Akasikiliza amesimama mpaka habari zikaisha. Halafu akasema, 'Amekonda.' Nikamuuliza, baba, kukonda kunasikika redioni?"

Tangu jioni hiyo aliweka sheria ndani ya nyumba. Saa ya habari ikikaribia, taa ile nyeupe ya sebuleni izimwe, iwashwe ya zamani. Pasi isiguswe. Na chaja ya simu isichomekwe popote, hasa zile za bei rahisi, kwa sababu aligundua kwamba zinaivuruga redio kuliko kitu kingine chochote. Alimfundisha mkewe jambo hilo kwa vitendo. Alichomeka chaja, redio ikalia kama nyuki ndani ya kopo. Alichomoa, ikanyamaza. "Umeona?" akamwambia. "Huyu ndiye adui." Mkewe akasema ameona.

Wakaishi hivyo. Baba hakumpigia binti simu, binti hakumpigia baba. Lakini kila jioni alimsikia.

Halafu mvumo ukaja.

Ulianza jioni moja bila taarifa. Kengele ya kituo ilipolia, kabla ya salamu, redio ikajaa mvumo mzito, na ndani ya mvumo ule sauti ya mwanamke ikabaki kama mtu anayezungumza nyuma ya pazia. Mzee akazungusha redio. Akavuta antena. Akatoka uani kuangalia waya, upo. Akabadili betri, vilevile. Habari zilipokwisha, mvumo nao ukakoma.

Kesho yake hivyohivyo. Ulikuja na habari, ukaondoka na habari.

Mtu mwingine angelaumu mvua au jua. Mzee Fungua alikuwa amekaa miaka mingi akiwatazama watu wanaoficha vitu. Alimwambia mkewe: "Kelele inayojua saa si kelele. Ni mtu."

Alianza upelelezi. Njia yake ilikuwa sahihi, wasikilizaji, na mafundi wa redio wataniunga mkono. Ukitaka kujua kelele inatoka wapi, chukua redio mkononi, tembea nayo. Ukisogelea chanzo, kelele inazidi. Ukikiacha, inapungua. Basi mvumo ulipoanza, mzee alichukua redio yake, akafungua mlango, akatoka kwenye korido ya jengo lao la ghorofa.

Alipopiga hatua chache tu, mvumo ukakatika.

Akarudi ndani, akaketi. Mvumo ukaanza tena. Akatoka. Ukakatika.

"Wananiona," akamwambia mkewe. "Wameweka mtu wa kunichungulia. Kila nikitoka, wanazima."

"Kina nani, baba?"

"Ndicho ninachotafuta."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa jirani wa mlango wa mkabala, fundi cherehani, mwanamke mchangamfu ambaye mashine yake ni ya umeme. Mzee alisogeza redio kwenye ukuta wake, ikakoroma. Akagonga.

"Karibu mzee. Una nguo ya kushonwa?"

"Zima mashine."

"Mzee, nina sare za kwaya nzima hapa. Nizime kwa nini?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza ukuta wangu?"

"Zima, halafu washa."

Fundi alizima, akawasha. Redio ilinyamaza, ikakoroma. Lakini ulikuwa mkoromo mfupimfupi, wa mguu unaokanyaga na kuachia. Mvumo anaoutafuta yeye ulikuwa mrefu, haupumziki. Mzee akaondoka bila kuaga. Fundi cherehani aliniambia mwenyewe, akicheka huku machozi yakimtoka: "Nilibaki mlangoni na futi yangu shingoni. Nikasema, leo mzee wetu amepotelewa na akili, au ametumwa."

Wa pili alikuwa kinyozi wa ghorofa ya chini. Huyu alikuwa na sababu yake ya kuogopa. Waya wa mashine zake za kunyolea ulitoka kwenye taa ya ngazi, ambayo ni ya jengo zima, na jambo hilo yeye alilijua, na wengine walilihisi. Basi aliposhtukia mkaguzi mstaafu amesimama nje ya kibanda chake, anapitisha kifaa chenye antena ukutani, taratibu, kuelekea kwenye ile taa, kinyozi aliacha kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja.

"Mzee, shikamoo. Unatafuta nini hapo?"

"Marahaba. Huu waya unakwenda wapi?"

"Waya upi?"

"Huu ulioushika na kuuficha nyuma ya mgongo."

"Aa, huu! Huu ni wa... huu ulikuwepo, mzee. Nimeukuta."

"Sikuuliza umeukuta au umeuleta. Nimeuliza unakwenda wapi."

Mteja mwenye nusu ya nywele alinyanyuka akasema yeye atarudi kesho.

Habari zikaenea jengo zima kabla ya maji kuchemka. Mzee Fungua amerudi kazini. Kampuni ya umeme imempa kifaa. Anapima kuta kujua nani ameiba umeme. Tena ameunga waya kwenye tangi, ndiko anakopelekea taarifa. Watu walioishi naye kwa amani miaka yote wakaanza kufunga milango wakimwona. Watoto wakaambiwa wasimsaidie kubeba mizigo. Yeye aliwashuku wao, wao wakamshuku yeye, na kila upande ukaona dalili za kutosha.

Wakamwita kikaoni uani. Kinyozi ndiye aliyefungua mdomo, kwa maana ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

"Mzee wetu, tunakuheshimu. Lakini tuambie ukweli. Wewe ni wa kampuni ya umeme?"

"Mimi ni mstaafu."

"Mstaafu anatembea na mtambo jioni anapekua kuta za watu?"

"Hii ni redio."

"Redio inasikilizwa umekaa, mzee. Wewe unaisikiliza unatembea."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akasema: "Ndani ya jengo hili yupo mtu anayeniwashia kitu saa ya habari makusudi, ili nisisikie. Akinyoosha mkono sasa hivi, nitamsamehe."

Hakuna aliyenyoosha. Fundi cherehani akauliza kwa upole: "Mzee, kwani habari hizo zina nini? Si utazisikia kwenye redio nyingine?"

Mkewe alikuwepo kikaoni, amesimama karibu na bomba. Ananiambia kwamba hapo mumewe alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna mtu katika jengo lile aliyejua kwamba msomaji ni mwanawe. Akasema tu: "Hazifanani." Akaondoka.

Siku ya pili waya wake ulikutwa umekatwa. Umekatwa mkato mmoja safi, karibu na tangi. Mzee aliinama, akaikagua ile ncha kwa muda mrefu. "Mkasi," akasema. "Si kisu." Akainua macho. Kinyozi ana mkasi. Fundi cherehani ana mkasi. Aliwatazama wote wawili, nao wakatazamana.

Hadi leo hajapatikana aliyeukata. Nilimuuliza mjane. Akajibu, "Mkasi kila nyumba unao, mwanangu," akaendelea kunimiminia chai. Mimi ni mzee wa kutosha kuwa kaka yake, lakini aliniita mwanangu, na sikuuliza tena.

Mzee alifunga waya mwingine. Mvumo uliendelea. Na yeye, wasikilizaji, akaendelea kuusikiliza. Aliinamisha sikio mpaka likagusa redio. Ndani ya mvumo aliokota neno moja hapa, neno jingine pale. Akamwambia mkewe: "Ni yeye. Sauti inazuiliwa, lakini kwa pumzi namjua." Mkewe akaitikia, "Ndiyo, baba," akaingia jikoni.

Kisha ikafika jioni ambayo umeme ulikatika mtaa mzima.

Kulikuwa bado na mwanga wa jua dirishani. Kengele ya kituo ililia. Mvumo ulianza kama kawaida, na ghafla, pamoja na friji, pamoja na cherehani ya jirani, pamoja na mashine za kinyozi, mvumo ukafa. Redio ilikuwa ya betri. Ikabaki peke yake katika jengo lililonyamaza, na habari zikaingia safi kuliko siku zote tangu ainunue. Neno kwa neno. Nukta kwa nukta. Kila msikilizaji wa masafa mafupi anaiota jioni ya namna hiyo.

Msomaji alikuwa mwanamke. Alisoma vizuri sana.

Hakuwa binti yake.

Mzee Fungua alisikiliza mpaka mwisho. Mwishoni msomaji akajitaja. Mzee akaizima redio. Mkewe akatokea mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma. Wakatazamana. Na hapo ndipo ule ukaguzi wa miaka mingi ulipomsaidia mtu huyu kwa mara ya mwisho. Alikuwa amewatazama maelfu ya wasafiri mabegi yao yakifunguliwa. Alijua kwamba anayeshtuka ni yule asiyejua kilichomo. Mkewe hakushtuka.

"Mama," akasema. "Fungua mkono."

Akaufungua. Mlikuwa na chaja ya simu, ya bei rahisi, ile aliyomwonyesha mwenyewe siku ile. Alikuwa akiichomeka nyuma ya kabati la vyombo, ukuta mmoja na redio. Mumewe akitoka na redio, aliichomoa. Akirudi, aliichomeka.

Nitawasomea maneno ya mama huyu kama alivyonipa, bila kuongeza.

"Mtoto alipata uvimbe kooni. Wakamkata. Alipona, lakini sauti haikurudi ile. Ikabaki ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua yasiyoisha. Wakamwondoa kwenye kusoma, wakampa kazi ya kutunza kanda. Akanipigia analia. Akasema, mama, baba asijue. Kitu pekee alichokubali kutoka kwangu ni sauti, na yenyewe sina tena. Sasa wewe niambie, ningefanya nini? Nikimwambia mume wangu sauti imekwisha, si ni kama nimemwambia mtoto amekwisha? Nikaona heri akasirikie mvumo. Mvumo ungemuuma, lakini usingemuua."

Mzee Fungua aliikunja antena. Mwanga dirishani ulikuwa unapungua. Akafikiria, bila shaka, kuta zote alizozipekua na milango yote aliyoigonga. Nyumba pekee ambayo hakuikagua ilikuwa ya kwake.

Akasema: "Piga simu."

"Kwa nani?"

"Unajua ni kwa nani. Piga."

Mama akapiga. Akampa. Mzee akaishika simu ile kwa mikono miwili. Upande wa pili sauti nzito, yenye mikwaruzo, ikasema: "Mama, kuna nini?"

"Nani anazungumza?" akauliza mzee.

Binti akaitambua sauti. Halafu: "Shikamoo, baba."

Mzee akaiondoa simu sikioni, akamtazama mkewe kwa mashaka. Akairudisha. "Nimeuliza nani anazungumza."

"Ni mimi, baba."

"Thibitisha."

Wasikilizaji wapendwa, msimcheke. Alikuwa hajawahi kupitisha kitu bila uthibitisho. Binti ananiambia kwamba yeye alicheka, kisha akalia, kisha akasema kitu pekee alichokuwa na hakika nacho: "Ulisimama nyuma ya meza ya bati. Ukaniambia mbele ya wenzako wote, usinipigie simu mpaka utakapopata kazi ya maana. Sijakupigia, baba. Wewe ndiye uliyepiga."

Mzee akavuta pumzi. "Marahaba," akasema. Jibu hilo lilikuwa limesubiriwa miaka yote hiyo.

Mama anasema alisimama katikati ya chumba, amejishika kiuno, akiomba Mungu simu isikatike. Kisha mzee akasema: "Soma."

"Nisome nini, baba? Siku hizi sisomi."

"Soma chochote kilicho mbele yako."

Kilichokuwa mbele yake kilikuwa pakiti ya sabuni ya kufulia. Akaisoma. Kwa ile sauti iliyokwaruzwa alisoma matumizi, akasoma kipimo kwa ndoo moja ya maji, akasoma onyo la kuiweka mbali na watoto, kwa mtiririko uleule wa taarifa ya habari. Baba alisikiliza amesimama. Alipomaliza, akasema:

"Umeharakisha mwishoni. Rudia."

Akarudia.

Tangu jioni hiyo, binti alimsomea baba yake kwa simu kila siku. Magazeti, barua za wasikilizaji, hata ratiba ya treni. Yeye alisahihisha. Wala asidhani mtu kwamba aligeuka kuwa mpole. Alikwenda kwa fundi cherehani na kwa kinyozi, akawaomba radhi amesimama wima, mlangoni kwa kila mmoja. Kisha akamwambia kinyozi auondoe ule waya kwenye taa ya ngazi, maana utachoma jengo. Kinyozi aliuondoa. "Niliogopa asije akarudi na redio," ananiambia.

Binti alirejea nyumbani ugonjwa wa baba ulipozidi. Alimkuta kitandani, shati limefungwa vifungo vyote. Mzee aliposikia ile sauti ya kukwaruza inabisha hodi, hakuuliza nani. Alisema, "Pita."

Ndivyo alivyofariki mkaguzi wa mizigo, Mzee Fungua, akiwa na mkewe upande mmoja na binti yake upande mwingine.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mjane wake, aliyebeba siri nzito kwa mkono mmoja. Pole kwa mdogo wake. Pole kwa majirani wa jengo lile, ambao walimshuku na wakamzika kwa machozi ya kweli.

Nanyi wasikilizaji, kabla hamjalala, jiulizeni. Yupo mtu unayesikiliza habari zake kwa siri, huku umeapa hutazungumza naye? Mimi nina wajukuu, na ninawafundisha nidhamu bila kuona haya. Najua vema jinsi baba mkali anavyodhani kwamba heshima yake itapungua akitangulia kupiga simu. Mzee huyu alitangulia. Nimemuuliza kila aliyemfahamu. Haikupungua.

Jambo la mwisho. Binti yake ameketi mbele yangu hapa studioni. Familia imemwomba asome shukrani kwa wote waliohudhuria mazishi. Hajasoma hewani tangu alipofanyiwa upasuaji. Fundi wetu wa mitambo ameniuliza kama airekebishe sauti iwe laini kidogo. Nimemkataza.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, sauti mtakayoisikia sasa ina mikwaruzo. Msizungushe kitufe. Msivute antena. Msiihamishe redio dirishani. Redio zenu ni nzima, nasi tunawafikia barabara.

Soma, mwanangu. Wala usiharakishe.